Ukiacha Dawa, Utarudi

Kuna neno moja lililonilaza chini mara ya pili, nalo ni utarudi. Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi Malawi, tunalisikia kila siku. Jirani anamuuliza jirani bombani: utarudi kwenu, vita ikiisha? Aliyeitwa ofisini na asihudumiwe anaambiwa utarudi kesho. Kila mtu kambini ana utarudi wake. Basi lilipotamkwa mbele yangu katika chumba cha daktari kule Lilongwe, halikunishtua. Lilipita kama mtu wa mtaa wetu, nikaliacha lipite.

Wenye kosa ni watatu. Majina sitaandika, kwa sababu majina walipewa na mama zao, na wale mama hawakunikosea. Nitasema kazi zao, kambini kazi inatosha: mkalimani, mchungaji, na wifi yangu. Wakisoma watajijua. Wasiposoma watasomewa.

Ugonjwa ulianza kama soksi. Nilikuwa peku uani, naanika muhogo, miguu ikaniambia nimevaa soksi. Nikaangalia chini. Hakuna soksi, vumbi tu. Nikacheka peke yangu. Siku zilizofuata zile soksi zikapanda, zikafika magotini, na mikononi nikavaa glavu ambazo hakuna aliyeziona. Ardhi ikawa laini. Kwetu Uvira, Kongo, ukisimama pale maji ya ziwa yanapoishia, wimbi likirudi nyuma linavuta mchanga chini ya kisigino chako, na unahisi unazama kidogo ingawa umesimama. Hivyo njo nilikuwa natembea, mahali pasipo na ziwa karibu: nazama kidogo, nazama kidogo. Kisha asubuhi moja nikataka kuinuka na miguu haikuja.

Sikuwa na maumivu makubwa. Hilo njo lilinichanganya. Ugonjwa tunaoujua sisi unauma. Huu ulikuwa kama usingizi ulioingia kwa chini na kupanda pole pole, na mimi juu nikiwa macho, natazama mwili wangu ukilala kipande kwa kipande.

Walinipeleka Lilongwe. Dokta alikuwa mwanamume mpole, mwembamba, Mmalawi. Alinigonga goti kwa kinyundo cha mpira, goti likanyamaza. Akagonga tena, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Akanichoma kwa pini kuanzia vidole kwenda juu, akiniuliza kwa mikono: hapa? hapa? Nikawa natingisha kichwa, hapana, hapana, mpaka karibu na goti.

Mkalimani alikuwa mtu wetu wa kambini, lakini aliishi miaka mingi kambi za Tanzania, na huko alisoma. Alivaa shati la mikono mirefu, amefunga kifungo cha shingoni. Dokta alisema maneno mengi, kama mvua ya mwezi wa tatu. Mkalimani akaniletea kikombe kimoja.

"Anasema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Askari wa mwili wako wameasi. Badala ya kulinda nyumba, wanaipiga."

Nikacheka pale kitandani, mpaka wakaniangalia. Nikamwambia, "Umuambie dokta hao askari nawajua. Wamenifuata kutoka kwetu."

Hakumwambia. Alisema mzaha hautafsiriwi. Nikapewa vidonge vyeupe, vidogo, vichungu, vya kunywa vingi kila asubuhi. Na siku ya kutoka dokta akasema tena maneno mengi, akainua kidole, akakiinua tena. Mkalimani alikuwa ameshasimama, ameshika simu yake.

"Anasema unywe kama ulivyoandikiwa. Ukiacha dawa, utarudi."

"Asante," nikasema. "Zikomo, dokta."

Nikaelewa vizuri kabisa: nikishamalizana na dawa nitarudi Lilongwe, anione, anigonge goti, aseme haya mama, nenda salama. Ndiyo, nitarudi. Kwa nini nisirudi?

Vidonge vilifanya kazi. Kwanza vidole vya mikono viliamka, halafu paja, halafu goti. Miguu ilirudi kwangu kama watoto waliotoka kucheza mbali, wana vumbi na aibu. Nikaanza kutembea nimeshika ukuta, halafu bila ukuta. Nikarudi kwenye kazi yangu. Mimi ni msusi. Nasuka nywele chini ya hema langu karibu na soko, na vidole vyangu ndivyo vilivyonilisha tangu mume wangu alipobaki kule kwetu, kaburini. Aliyebaki nami ni dada yake, wifi yangu, tunalala nyumba moja. Vidole vikikufa, nyumba yote inalala njaa. Nataka hilo lijulikane, maana baadaye bantu ba kanisa balisema nilipenda hospitali kuliko Mungu. Nilipenda vidole vyangu.

Na zile dawa zilinipa kitu kingine: mashavu. Uso wangu ulivimba, ukawa duara kama sinia. Nilikuwa na njaa ya kushangaza, naweza kula ugali saa yoyote. Sasa kambini mtu mgonjwa hukonda. Mimi nilitoka hospitali nimenona.

"Eee, wifi!" wifi yangu akasema, akinizunguka. "Tulipeleka fito, banaturudishia gunia!"

Tulicheka wote. Baadaye aliacha kucheka, akaanza kunitazama kwa macho ya kanisani. Alikuwa katika kundi la maombi, na kundi la maombi lilikuwa limefunga na kulia kwa ajili yangu. Mashavu yangu yakawa jibu lao. Akayapeleka kwa mchungaji kwa maneno, na mchungaji akaja mwenyewe kuyaona.

Hapa lazima nieleze jambo la kanisa letu. Mtu akipona hushuhudia, anasimama mbele na kusema alichotendewa. Hilo ni zuri, mimi mwenyewe nimelia kwa shuhuda za wengine. Lakini ukishashuhudia, ushuhuda si wako tena, unakuwa mali ya kanisa. Ugonjwa ukirudi, hawasemi umeugua. Wanasema umepoteza ushuhuda, kama mtu aliyeazimwa mbuzi wa jirani akamwacha porini. Na tena, ugonjwa haukiriwi. Ukisikia homa hausemi nina homa, unasema adui ananijaribu. Kinywa ni mlango, ukikiri umeufungua.

Mchungaji alikaa kwenye kiti changu cha wateja, akaweka mguu juu ya mguu.

"Mama, unaumwa?"

"Hapana, mchungaji. Siumwi."

"Unatembea?"

"Natembea."

"Sasa hizi dawa unakunywa za nini? Mtu ameshavuka mto, bado anapiga kasia?"

Wifi akasema, "Muambie, mchungaji. Mi nimechoka kumuambia."

Mimi nikafikiri: dokta mwenyewe alisema, nikiacha nitarudi. Basi kuacha kupo katika mpango. Kuacha ni jambo linalojulikana hata hospitali. Hivyo njo nilivyofikiri, sikuwa mjinga, nilikuwa nimeambiwa hivyo.

Jumapili nikasimama mbele. Mchungaji akanishika kidevu, akanigeuza uso kulia na kushoto ili waumini waone. "Angalieni mashavu ya neema!" Ngoma zikapigwa. Wifi akaja na vidonge vimefungwa kwenye pindo la kitenge chake, akafungua, akaviweka juu ya meza mbele ya watu wote, na akina mama wakapiga vigelegele mpaka mabati yakalia. Nami nilipiga. Nilikuwa na furaha, siwezi kusema uongo. Nilikuwa nimesimama kwa miguu yangu mwenyewe, na sakafu ilikuwa ngumu.

Mashavu yalipungua kwanza. Kisha soksi zikarudi.

Aliyezijua kabla yangu ni mteja wangu mmoja, mama wa Kinyarwanda aliyekuwa na banda la vitenge Chilinde, kule Lilongwe, kabla hajahamia kwetu kambini. Mdomo wake hauna breki. Nilikuwa namsuka mistari, nimeangalia mbali, kama ninavyofanya siku zote, maana vidole vinajua njia.

"Mama," akasema, "leo unanisuka ao unanibembeleza?"

"Nini?"

"Hii misuko iko kama ya mutu anasinzia. Vuta!"

Nikavuta. Nilidhani nimevuta. Akaingiza kidole kwenye msuko na wote ukafumuka, laini, kama moshi. Akageuka akanitazama, akachukua mkono wangu na kuufinya.

"Unasikia?"

"Nasikia."

"Muongo. Nimekufinya na kucha."

Nikamwomba asiseme. Akauliza kwa nini. Nikamwambia nimeshashuhudia.

"Ah bon," akasema. "Kwa hiyo utakufa na adabu."

Nyumbani nilificha. Kuficha ugonjwa wa miguu ni kazi kubwa kuliko ugonjwa wenyewe. Nilijifunza kukaa kabla wengine hawajakaa, na kubaki nimekaa wakiondoka. Sahani ikidondoka nilisema paka. Wifi aliona yote. Alikuwa anaokota vipande na kusema, "Usikiri, wifi. Usikiri tu. Kinywa njo mlango." Nikimwambia basi nipelekwe hospitali, alilia kweli, machozi ya kweli. Alisema kundi lote la maombi litachekwa, kwamba makanisa mengine tayari yanasubiri. Namlaumu, na machozi yake nimeyaweka kwenye hesabu ya lawama.

Nikalala ndani. Sijui zilikuwa siku ngapi. Mabati yetu yana matundu madogo, na jua likiwa kali linashuka kwa nyuzi nyembamba, zinatembea juu ya kitanda tangu asubuhi mpaka alasiri. Nilizitazama zikipanda miguuni pangu na sikulisikia joto lake. Mwili ulikuwa mbali, kama mji unaouona kutoka upande mwingine wa ziwa: unajua kuna watu pale, kuna moto umewashwa, lakini sauti haifiki. Wakati mwingine niliona mikono yangu inasuka. Inasuka nywele ndefu sana, nyeusi, zinazotoka majini, na kila nikifika mwisho maji yanaleta nyingine. Nilikuwa na amani. Hiyo amani njo naiogopa mpaka leo. Sauti yangu ikawa ndogo, na kuvuta pumzi ikawa kitu cha kukumbuka kufanya.

Jumapili mchungaji alituma mashemasi. Walinibeba kwenye kiti cha plastiki mpaka kanisani, wakaniweka mbele, kwa maombi maalumu. Hakusema naumwa. Alisema, "Mama yetu amekuja kutusalimia." Akashusha kipaza sauti mdomoni kwangu, nadhani kwa mazoea tu, ili niseme Bwana asifiwe.

Nikasema, "Imerudi."

Sauti ilikuwa kama ya kifaranga. Lakini kipaza sauti kiliibeba. Mchungaji akanyanyua mkono haraka.

"Mmesikia? Imerudi! Nguvu imerudi!"

"Amina!"

"Furaha imerudi!"

"Amina!"

"Neema iliyopotea imerudi!"

Ngoma zikaanza. Watu walikuwa wanacheza mbele yangu, na mimi nimekaa kama mzigo kituoni, neno langu limechukuliwa mdomoni na kuvalishwa nguo nyingine. Nikajaribu tena, lakini kipaza sauti kilikuwa kimeondoka. Niliweza kufanya jambo moja. Nikajiachia. Kiti kikaenda upande, mimi nikaanguka sakafuni, shavu chini, na wachezaji wakarudi nyuma. Ngoma zikafa moja moja.

Nikasema pale chini, "Bugonjwa. Bugonjwa njo imerudi. Nimekiri."

Wifi alifunika uso na kitenge. Ndipo nikaona viatu vinakuja kutoka mlangoni, viatu vya plastiki vya kijani, na yule mama wa Kinyarwanda akachuchumaa mbele yangu. Hakuwa hata wa kanisa letu. Alikuwa amekuja kunitafuta nyumbani, akakuta mlango umefungwa, akafuata kelele.

"Bon," akasema, kwa sauti ya sokoni. "Kama imerudi, na sisi turudi hospitali. Nani ana mikono hapa?"

Mashemasi wale wale walionileta walinibeba kutoka.

Kitanda hakikupatikana siku ile ile. Tulisubiri Nsungwi, kule kule Lilongwe, kwa rafiki wa yule mama wa Kinyarwanda, kwenye nyumba yenye ua wa saruji na kuku, na yule mama alinilisha kwa kijiko akinitukana kila kijiko kikiingia: "Kula, mushuhuda. Meza, mushuhuda." Nilicheka, na kucheka kulinimaliza pumzi, akaogopa, akaacha kunitukana. Alivyoacha njo nikajua hali yangu ni mbaya.

Dokta alikuwa yule yule. Alivuta kiti, akakaa. Safari hii mkalimani hakuwepo. Huyu mama alikuwa amejifunza Kichewa sokoni Chilinde, akabishana na dokta kwa Kichewa hicho pale pale juu ya kitanda changu. Dokta aliinua kile kidole. Akakiinua tena. Nikakitambua.

"Anasema nini?"

"Anakasirika. Anasema alikuambia wewe mwenyewe, ukiacha dawa, bugonjwa itarudi."

"Sema tena."

"Bugonjwa. I-ta-ru-di."

Nikafumba macho. Sisi watu wa Kongo mdomoni tunasema itarudi, hata kama hapa naandika vingine. Bugonjwa itarudi, vita itarudi, mvua itarudi, kila kitu kwetu ni itarudi. Mkalimani alisema utarudi, kwa Kiswahili chake cha shule, na mimi nikadhani ni mimi. Kumbe hakuwa ananialika nirudi Lilongwe. Alikuwa ananiambia ugonjwa utarudi, akaona tabu kulitaja jina lake mara ya pili. Neno moja tu la mbele. Lingemchukua muda gani? Angeweka simu mfukoni, basi.

Walinipa dawa kwenye mshipa, siku kadhaa, nikalala katika mwanga mweupe wa wodi ile kubwa. Nakumbuka mapazia. Nakumbuka muuguzi akinigeuza ubavu, akisema pang'onopang'ono, pole pole, na nikadhani anaimba. Pumzi ilirudi kwanza. Mikono ikafuata, lakini si yote. Dokta aliniambia kupitia yule mama, na safari hii niliuliza kila neno, nani atarudi, nini itarudi: mishipa iliyopigwa mara mbili haijengwi upya kwa haraka, na mingine haijengwi. Vidonge nitavipunguza kwa miezi mingi, kwa maagizo yake, robo kwa robo. Nisiviweke mezani pa mtu.

Mkalimani nilikutana naye kambini, karibu na bomba la maji. Nilikuwa na fimbo. Nikamwambia alichonifanyia.

"Lakini mama, nilisema sahihi," akanijibu. "Ugonjwa, utarudi. Ni ngeli. U kwa u."

"Ngeli?"

"Ndiyo. Ndivyo sarufi ilivyo."

"Ngeli yako imekalia miguu yangu, baba. Nenda uiambie ishuke."

Waliokuwa kwenye foleni walicheka. Yeye alifunga kile kifungo chake cha shingoni, ingawa kilikuwa kimefungwa. Hakusema pole. Mpaka leo anafanya kazi ile ile, na nikimwona anapanda gari na mgonjwa kwenda Lilongwe, namwita mgonjwa pembeni na kumwambia: akisema utarudi, muulize nani.

Mchungaji naye alikuja, nilipoanza kutembea. Alitaka nishuhudie upya. Alisema safari hii itakuwa na nguvu zaidi, maana nilianguka mbele za watu na nimeinuka. Nikamwambia nitakuja, na nitasema nakunywa vidonge, na nitavinywa pale pale mbele na maji. Alisema ataniweka kwenye ratiba. Ratiba hiyo bado inaandikwa. Kwaya niliyokuwa naimba waliniondoa bila kuniambia. Niliona tu sare yangu imevaliwa na mwingine, tena inambana kifuani.

Na wifi hatusemezani sana. Hajawahi kusema samahani, nami sijamwomba aseme. Lakini kila asubuhi, kabla sijaamka vizuri, kikombe cha maji kipo pale karibu na vidonge, kimefunikwa na kisahani. Simshukuru. Nakunywa. Mashavu yamerudi, na safari hii hakuna anayeyasifu.

Sasa nasuka matuta makubwa tu, ya watoto wa shule. Mistari midogo vidole vimekataa. Mguu wa kulia unanisikia. Wa kushoto, kuanzia kifundo kwenda chini, uko kwenye nchi yake. Naukalisha chini kwa kuutazama, kama mtu anayeweka sufuria kwenye mafiga.

Juzi, asubuhi ya baridi, nilitoka uani peku, ingawa dokta alikataza, nisije nikajikata nisijue. Wifi alikuwa anawamwagia kuku mahindi. Nikapiga hatua, na chini ya mguu wa kushoto, karibu na kidole gumba, kulikuwa na kitu. Kidogo sana, kigumu, kina ncha. Nikasimama. Nikahesabu pumzi zangu, naogopa kuangalia, nisije nikakuta hakuna kitu, ni ndoto za mguu tu. Nikaangalia. Ilikuwa punje ya hindi.

Wifi akaniona nimesimama kama mti.

"Nini tena?" akauliza, na uso wake ukaanza kubadilika.

"Hakuna," nikasema.

Akarudi kwa kuku wake. Nami nikaikanyaga tena.